Dakika Mbili za Mama Nane

Kila asubuhi, kabla ya kumimina chai, Mama Nane huishika chupa kwa mikono miwili na kuipindua juu chini mara nane. Haitikisi. Anaipindua polepole, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala, anaisimamisha, anaipindua tena, midomo ikihesabu bila sauti. Ikifika nane anaiweka mezani, anavuta kiti, anakaa.

"Chai hiyo siku moja itatapika," mume wake humwambia. Ni fundi cherehani, hushonea palepale sebuleni, na tangu macho yaanze kumchoka ulimi wake ndio umezidi makali. "Majani yametulia zake chini huko, wewe unayaamsha ya nini?"

"Kunywa."

"Nakunywa. Kwani kuuliza ni kosa?"

Mikono yake haimuulizi tena. Imeshazoea. Amefanya kazi kwenye maabara ya hospitali kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo amepindua tyubu za damu nyingi kuliko vifungo vyote ambavyo mume wake ameshona. Tyubu yenye kifuniko cha zambarau ina dawa kidogo ndani ya kuzuia damu isigande. Damu ikishaingia, lazima ipinduliwe taratibu mara nane ili dawa ienee. Ukiiacha, inaganda ukabaki na kitu kama jeli. Ukiitikisa kwa pupa, chembe nyekundu zinapasuka na jibu la mashine linakuwa uongo mtupu. Alianza kazi kwa kuosha vioo, akapelekwa chuo cha miaka miwili, akarudi na cheti na tabia hii. Wenzake wakamwita Mama Nane. Siku hizi hata kwenye orodha ya zamu wanaandika hivyo, na mhasibu mpya aliwahi kuuliza kama kweli ana watoto wanane. Anaye mmoja, ameolewa, na yuko mbali.

Sifa yake ilikuwa moja, lakini ilimtosha: hajawahi kurudishiwa sampuli. Za wengine alizirudisha bila huruma. Alikuwa akipanda mwenyewe hadi wodini, tyubu mkononi, na kuiweka juu ya meza ya manesi mbele ya kila mtu. "Hii imeganda. Hii haina saa. Hii mmechukua mkono wenye dripu, mmeniletea maji ya chumvi mkaniambia ni mtu." Manesi walimwogopa kuliko walivyomwogopa mganga mkuu. Nesi mpya akiajiriwa, siku ya kwanza hupelekwa maabara kukaa saa nzima mbele ya Mama Nane na kufundishwa kuchukua damu upya, kana kwamba chuoni alikwenda kucheza.

Mwaka mmoja hospitali ilikuwa na utafiti. Daktari wa utafiti aliwakusanya watu wa maabara akawaonyesha picha ukutani na maneno marefu, nusu ya watu wakalala. Mama Nane hakulala, lakini hakuelewa vizuri pia. Alielewa nyumbani, alipojaribu kumsimulia mume wake.

"Ndani ya mishipa ya damu," alimwambia, "kuna utando. Mwembamba sana, una kama manyoya mafupi. Damu inapita juu yake. Mtu akipoteza damu nyingi kwa ghafla, yale manyoya yanabanduka."

"Kama mahameli," mume akasema bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Kama nini?"

"Mahameli. Ukiikwaruza, manyoya yanatoka, kitambaa kinabaki uchi. Ukimwagia maji yanapenya. Mwanzo hayapenyi."

Akabaki anamtazama. Ndivyo hasa alivyosema daktari wa utafiti kwa nusu saa nzima. Mtu amevuja damu, damu imezuiwa, presha imerudi, anaongea, anaomba uji. Wote wanashusha pumzi. Lakini ndani, mishipa imekwanguliwa, na baada ya saa kadhaa maji yanaanza kupenya kuingia kwenye mapafu. Kwa macho huwezi kuona mapema. Ila yale manyoya yaliyobanduka yanaelea kwenye damu tangu saa za mwanzo, na mashine ndogo nyeupe, saizi ya redio ya mezani, iliwekwa maabara kuyapima. Inachukua dakika thelathini na tano. Kwenye utafiti ule walikubaliana mstari uwe hamsini. Aliyezidi hamsini anabaki siku nzima kwenye chumba cha uangalizi, ambako nesi mmoja anatazama wagonjwa wawili na oksijeni iko ukutani. Aliye chini ya hamsini, daktari wa zamu ataamua mwenyewe.

Chumba cha uangalizi kilikuwa kando ya wodi ya wazazi, na kwa hospitali nzima kilikuwa na vitanda vinne. Huo ndio ulikuwa ugomvi wa kila siku.

Jumanne moja simu ya maabara ililia saa mbili na nusu asubuhi. Alikuwa Sista, mkuu wa wodi ya wazazi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara.

"Shoga, nina mtu wako wa manyoya. Amejifungua alfajiri, kamwaga lita mbili. Tumeizuia. Niko na mwingine anasukuma hapa, mikono yangu yote miwili imeshikwa, panda uchukue mwenyewe."

"Nesi wako mpya?"

"Nimemtuma benki ya damu. Panda, bwana, muda unakwisha."

Kweli ulikuwa unakwisha. Sampuli ya kwanza ilitakiwa ndani ya saa tatu tangu damu ianze kutoka, na zilibaki dakika kumi na tano. Mama Nane akachukua trei yake akapanda ngazi.

Mgonjwa, ambaye tayari alikuwa chumba cha uangalizi, alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, msusi wa nywele, midomo imepauka kama karatasi, lakini macho yako wazi. Mtoto wake alikuwa chumba cha watoto wachanga pamoja na bibi yake. Mkono wa kushoto ulikuwa na dripu iliyochomekwa nyuma ya kiganja: maji ya sukari yenye dawa ya kukaza mfuko wa uzazi. Mkono wa kulia ulikuwa umetobolewa usiku kucha, umejaa alama za buluu.

"Nakuchoma kidogo, mwanangu."

"Chomeni tu. Mimi wateja wangu nawavuta nywele mpaka wanalia, leo ni zamu yangu."

Alijaribu mkono wa kulia mara ya kwanza, mshipa ukateleza. Akajaribu tena, sindano ikaingia pakavu. Mishipa yote ilikuwa imenywea, kama mipira ya maji iliyofungwa bomba. Akatazama saa ya ukutani. Dakika saba. Kwenye kiwiko cha kushoto palikuwa na mshipa mmoja mzuri, umevimba, unajitokeza wenyewe. Ulikuwa juu ya dripu.

Sheria aliijua kwa sababu ndiye aliyeiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mwa kila wodi. Mkono wenye dripu usiguswe. Ikibidi kabisa, funga dripu, subiri dakika mbili kamili, ndipo uchome. Akafunga kigurudumu cha dripu. Akafunga mpira juu ya kiwiko. Nje ya pazia yule mwanamke mwingine akapiga ukelele, Sista akamjibu kwa ukelele wake, na mtu akaangusha beseni. Msusi akafumba macho. Mama Nane alihesabu mpaka ishirini na kitu. Kisha akachoma.

Damu ilikuja vizuri mno. Ilikuwa nyepesi, rangi yake imechujuka kidogo, lakini alijiambia: mtu aliyemwaga lita mbili unategemea damu yake iwe nzito? Akajaza tyubu ya zambarau, akajaza na ya kemia, akapindua, akaandika saa, akatia saini yake kwenye kitabu cha wodi. Dakika mbili zilikuwa zimebaki kabla ya muda kufungwa. Alishuka ngazi amejiridhisha.

Saa tatu na nusu mashine nyeupe ilitoa jibu. Ishirini na nne. Chini kabisa ya mstari. Akalisoma kwenye simu, Sista akasema, "Afadhali, maana kitanda chake kinatakiwa. Kuna mtu wa lori yuko chumba cha upasuaji, saa tano anatoka. Msusi tutamhamishia wodi kubwa." Wodi kubwa ilikuwa na vitanda thelathini na manesi wawili.

Mama Nane alikuwa anaosha mikono alipoitwa na Profesa. Profesa alikuwa mwenzake wa benchi la kemia, mwanamume wa miwani iliyokaa daima kwenye paji la uso, na aliitwa hivyo kwa sababu alibisha kila kitu na hakuwahi kwenda chuo kikuu.

"Njoo uone. Huyu mgonjwa wako ana damu au ana soda?"

"Nini?"

"Sukari mia moja na themanini. Mtu mwenye sukari hii hasemi, ameshazikwa. Na huku juu wodini walimtoboa kidole saa moja asubuhi, ilikuwa sita." Akasukuma karatasi. "Chumvi nayo haijulikani imekwenda wapi. Nani kachukua hii? Maana aliyechukua ametuletea dripu na mtu kidogo kwa ajili ya rangi."

Alikuwa anacheka. Kisha akasoma jina la mchukuaji kwenye lebo, na kicheko kikaishia njiani.

Maji yalikuwa bado yanatiririka kwenye sinki nyuma ya Mama Nane, akarudi kuyafunga, kwa sababu lilikuwa jambo ambalo mikono yake iliweza kulifanya. Maji ya sukari yalikuwa yamejaa kwenye mshipa ule, ndiyo maana ulivimba vile. Ndiyo maana ulimvutia. Kama theluthi mbili ya tyubu ile ilikuwa dripu, basi ile ishirini na nne haikuwa ishirini na nne hata kidogo. Ilikuwa zaidi, pengine mara tatu. Na kwa namba ile ile mtu alikuwa anahamishwa.

"Sikiliza," Profesa akasema kwa sauti ya chini, na kwa mara ya kwanza miwani yake ilishuka ikakaa machoni. "Hii ya kemia sijaitoa. Naimwaga. Hakuna aliyeiona ila mimi na wewe. Waambie mashine yako ilisumbua, uchukue nyingine, yaishe. Wewe si mtu wa kuchekwa na wale kule juu."

Alikuwa anamtendea wema. Hilo lilikuwa wazi, na ndilo lililofanya iwe rahisi. Tyubu ilianguka kwenye ndoo ya taka za damu ikatoa mlio mdogo.

Alipiga simu wodini mara tatu, inatumika. Akapanda. Kwenye ngazi ya pili pumzi zikamkatikia, akashika ukuta. Aliwaza maneno ya kusema. Aliyapanga, akayapangua. Alipofungua mlango wa wodi na kumwona Sista amesimama mikono kiunoni, yule yule ambaye yeye Mama Nane aliwahi kumwekea tyubu mezani mbele ya watu, maneno yaliyotoka yalikuwa ya Profesa.

"Mashine ilisumbua. Nahitaji damu nyingine ya msusi."

"Mashine tena!" Sista akasema. "Hiyo redio yenu si mngeitupa tu."

Daktari wa zamu aligeuka kutoka kwenye meza. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, hakuwa amelala, na shati lake lilikuwa na doa la chai. Alimheshimu Mama Nane. Ndiye aliyemfundisha kutazama damu kwenye darubini alipokuwa mwanafunzi.

"Sawa, mama. Chukua. Lakini saa tano mtu wangu wa lori anatoka upasuaji, na sina pengine pa kumweka."

"Nitawahi."

Nesi mpya alikuwa kando ya kitanda cha msusi, anahesabu pumzi zake huku akitazama saa ya mkononi. Alikuwa na wiki tatu kazini. Msichana mwembamba, wa kimya, mwenye kijitabu mfukoni alichoandika kila alichoambiwa. Sista alikuwa anasema kuwa ukimkanyaga huyo atakuomba radhi wewe. Siku aliyokaa mbele ya Mama Nane maabara hakuuliza hata swali moja, aliandika tu, kurasa nne.

Mama Nane alifungua pakiti ya sindano. Akaona ncha yake inacheza. Akaishusha, akavuta pumzi, akaiinua. Inacheza. Msusi aliona pia.

"Mama, leo umekunywa nini?"

"Ngazi," akasema. "Uzee. Mwanangu," akamgeukia nesi, "chukua wewe. Mkono wa kulia, nyuma ya kiganja. Tumia sindano ya kipepeo."

Ndiyo ile sindano nyembamba yenye mabawa mawili ya plastiki, ya mishipa midogo. Nesi alinawa mikono, akavaa glavu. Kisha, ingawa mkono wa dripu ulikuwa ule mwingine, alizunguka kitanda akafunga kigurudumu, akainua saa yake mbele ya uso. Akasubiri.

Mama Nane alisimama palepale. Dakika mbili ni ndefu. Alimwona msusi akimeza mate. Alisikia kitoroli kikipita nje, mtu akiimba, akinyamaza. Mkasi ukawekwa kwenye bati. Sekunde arobaini. Alitazama kiwiko cha kushoto cha msusi ambako pamba yake ilikuwa bado imebandikwa, na plasta yake, kipande kifupi kilichokatwa sawasawa kama anavyokata yeye siku zote. Dakika moja. Angeweza kusema sasa. Nesi alikuwa hajainua macho kwenye saa. Kifua cha msusi kilipanda na kushuka, na Mama Nane akajikuta anakihesabu naye. Kilikuwa kinakwenda kasi kidogo. Au ilikuwa hofu yake tu? Dakika moja na nusu. Dakika mbili.

Nesi akachoma mara moja, damu ikaja. Nyeusi-nyekundu, nzito, imejaa. Akapindua tyubu mara nane.

Maabara, Mama Nane hakukaa. Alizungusha damu kwenye mashine, akatoa maji ya juu ya njano, akayadondosha kwenye mashine nyeupe, akabonyeza. Dakika thelathini na tano. Profesa alimletea kiti, akakikataa; akamletea maji, akayashika bila kunywa.

"Ikitoka juu, wanambakiza," Profesa akasema. "Imekwisha. Hakuna atakayeuliza."

"Na ikitoka juu wasipoamini?"

"Kwa nini wasiamini?"

Namba ilitokea saa tano kasoro dakika kumi na mbili. Themanini na tatu.

Alipiga simu. Sista alipokea, akarudia namba kwa sauti ili daktari asikie, kisha ikaja sauti ya daktari kwa mbali: "Ngapi?" Kisha Sista akasema, "Mama Nane, panda tafadhali," na hakumwita shoga.

Alipofika, kitanda cha msusi kilikuwa kimeshafunguliwa breki. Kulikuwa na mhudumu mmoja miguuni na nesi mpya kichwani. Kutoka upasuaji walikuwa wamepiga simu: mtu wa lori yuko mlangoni. Daktari alikuwa na vipande viwili vya karatasi, kimoja kila mkono.

"Mama, nisaidie. Ishirini na nne, saa mbili na nusu. Themanini na tatu, saa nne. Mtu yule yule. Hajavuja tena. Presha yake nzuri. Anaongea."

"Naongea," msusi akasema kutoka kitandani, lakini alisema baada ya kuvuta pumzi.

"Fuata ya pili," Mama Nane akasema.

"Kwa nini?"

"Ndiyo ya karibuni."

"Saa moja na nusu haiwezi kuipandisha hivyo kwa mtu aliyelala ametulia. Moja kati ya hizi ni mbovu." Aliinua karatasi ya kwanza. "Hii umechukua wewe. Saini yako ipo kitabuni. Hii nyingine imechukuliwa na mtu wa wiki tatu, kwa sindano nyembamba, kwenye mshipa mdogo. Na wewe mwenyewe uliniambia mashine inasumbua. Sasa mimi nikiambiwa nichague kati ya mkono wako na mkono wa binti huyu, na mashine mbovu katikati, nitachagua nini?"

"Daktari..."

"Nakuuliza kwa heshima, mama. Mtu wangu wa lori ametolewa wengu, hana pa kulala. Nikimbakiza huyu kwa namba mbovu, yule atakaa kwenye korido."

Daktari alikuwa amekosea kwa njia ya haki kabisa. Miaka ishirini na sita ya tyubu zisizorudishwa ilikuwa imesimama upande wa ile ishirini na nne, na uongo mdogo wa asubuhi ulikuwa umeisimamia kwa upande mwingine. Sukari ya kemia ilikuwa kwenye ndoo. Hakukuwa na karatasi yoyote pale hospitalini iliyosema vinginevyo.

Nesi mpya alikuwa ameinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa yamewiva. Maneno "mtu wa wiki tatu" yalikuwa yamempita juu kama maji, na hakuyapinga.

"Pumzi zake ni ngapi?" Sista akamuuliza.

"Ishirini na nane," nesi akasema kwa sauti ndogo. "Saa nne zilikuwa ishirini na mbili."

"Wasiwasi," daktari akasema. "Tunambishania kichwani, nani asingehema?" Akampa mhudumu ishara kwa kidevu. "Mpelekeni wodi kubwa. Wamtazame kila nusu saa."

Magurudumu yakazunguka nusu mzunguko, yakasimama. Nesi hakuwa amesukuma. Alikuwa ameshika reli ya kitanda, na macho yake yalikuwa kwenye mkono wa kushoto wa msusi, kwenye kiwiko, kwenye kile kipande cha plasta kilichokatwa sawasawa, juu ya dripu. Alikitazama kwa muda. Kisha akauacha mkono mmoja ukateremka mpaka mfukoni, ukakigusa kijitabu, haukukitoa.

Aliinua uso. Hakumtazama daktari, wala Sista.

"Samahani, mama," akasema, na ilibidi aanze tena kwa sababu sauti haikutoka vizuri. "Samahani. Ile ya kwanza ulichukua mkono gani?"

Daktari akageuka. Sista alikunja mikono kifuani. Kwenye korido kitanda kingine kilikuwa kinakuja, magurudumu yake yanalia.

Mama Nane aliziona ngazi, na sinki, na tyubu ikianguka kwenye ndoo. Aliona pia kifua cha msusi kikipanda, kikishuka, kikipanda.

"Wa kushoto," akasema. "Juu ya dripu, na sikusubiri dakika mbili. Mashine ni nzima. Ya kuamini ni ya kwako."